Tundu la Waya Juu ya Paa

Mjini kote fundi huyu wa madishi alijulikana kwa jina la Sasa Hivi. Ukimpigia simu kwamba televisheni imeganda, anakujibu "sasa hivi", na kabla hujamaliza chai unasikia ngazi yake ikigonga ukuta. Dishi aliloliweka halikuyumba, na tundu alilolitoboa halikuvuja. Lakini nyumbani mkewe alimpa jina jingine. Alimwita Kesho.

Jina hilo lilitoka darini. Juu ya kitanda chao palikuwa na bati lililotoboka, na mvua ikinyesha maji yanadondoka. Mke akisema, mume anajibu kesho. Wakaweka beseni la bluu. Tundu likapata mwenzake, wakasogeza kitanda, wakaja kukisogeza tena. Miaka kumi na mmoja mtu anaziba mapaa ya watu na kurudi kulala kando ya beseni. Waliosema mganga hajigangi ni kama walimwona huyu. Miaka ya mwanzo mke alicheka. Miaka ya katikati aligomba. Miaka ya mwisho alinyamaza, na hapo ndipo mwanamume mwenye akili zake angeogopa, ila huyu wetu alidhani mwenzake amezoea. Asubuhi moja baada ya mvua mke alimwaga maji ya beseni nje, akalifuta, akalirudisha mahali pake, akaondoka na sanduku moja. Wakaachana rasmi, bila kelele.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Wiki ileile Sasa Hivi alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe akaziba. Mvua iliyofuata hakupata usingizi, maana beseni lilikaa kimya usiku kucha. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu la kumwambia yule mwanamke: pamezibwa, rudi. Alijua anaishi kwa dada yake, mtaa wa nne kutoka hapo. Shati la kwendea lilipigwa pasi likaning'inizwa nyuma ya mlango, na likaendelea kuning'inia mpaka mabega yakaingia vumbi.

Sasa, siku yenyewe aliitwa na mzee mmoja mfamasia, mstaafu, aliyenunua basi dogo na kuligeuza nyumba. Mzee alimtembeza humo ndani kama anayeonyesha jumba la ghorofa. Kitanda hiki, chini yake makabati. Sinki hili, na jiko dogo la gesi. Meza hii ukiikunja inakuwa benchi. Mapazia yalikuwa yamefungwa fundo upande mmoja ili yasiguse jiko, na Sasa Hivi alilitazama fundo hilo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Keshokutwa tunaondoka, mimi na mke wangu," alisema mzee. "Mwaka mzima barabarani. Nikamwambia, bila taarifa ya habari na mpira mimi nitaugua. Akasema basi aitwe Sasa Hivi, si mwingine, tundu lake halivuji."

"Hajakosea," alijibu fundi, akapanda ngazi.

Alianza kwa kugonga paa kwa vifundo vya vidole, akisikiliza mbavu za chuma zilipo, maana dishi la gari halifungwi kwenye bati tupu. Barabara ingeling'oa siku ya kwanza. Akaweka pima maji, akafunga kitako cha dishi kwa boliti nne, kila moja na gundi yake. Kisha akatoboa tundu la kupitishia waya. Mzee alimwita kutoka chini kwamba anakwenda kujaza mtungi wa gesi. "Mke wangu amefika, yumo ndani. Atakushikia waya."

Fundi akausukuma waya tunduni. Ukavutwa taratibu, ukasimama, ukatikiswa mara mbili. Mkono ukamfia juu ya waya. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyevuta waya namna ile. Walipooana, kabla hajawa na jina mjini, walikuwa wakienda kazini wawili: yeye juu akizungusha dishi asione kioo cha televisheni, mkewe ndani mbele ya kioo akimwita. Bado. Bado. Umepita, rudi. Hapo hapo. Hakukuwa na sikio na jicho yaliyoelewana kama hayo mawili.

"Niongeze waya?" aliuliza.

"Inatosha, Kesho," sauti ikajibu kutoka tunduni.

Alikaa juu ya bati la moto bila kuuhisi moto wake.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Nimeomba uitwe wewe. Nilitaka uone kwa macho yako, usije ukasikia kwa watu. Tumeoana mwezi uliopita."

Moyo ulimuuma kama jino linavyouma, mahali pamoja, bila kupumzika. "Hongera," alisema. Hakulitaka neno hilo, ila ndilo lililokuwa karibu na mdomo.

"Ahsante. Fanya kazi, jua litakuunguza. Kile kidude chako cha kupimia mawimbi kiko wapi?"

"Kimeharibika."

Kidude kilikuwa mfukoni mwake, kizima, na betri mpya. Kwa kidude hicho mtu hahitaji mtu mwingine ndani.

Akaanza kuzungusha. "Bado," alisema yule mwanamke. "Bado." Vidole vya fundi vilijua pale mahali kabla hajaambiwa, na vikapita makusudi. "Umepita. Rudi." Akarudi, akapita upande wa pili. "Umepita tena." Akapita mara ya tatu.

"Kesho, hujawahi kupita mara tatu tangu nikujue. Una nini?"

"Nimeziba," alisema.

"Umeziba nini?"

"Pale juu ya kitanda. Pote. Hapavuji."

"Lini?"

"Wiki ile uliyoondoka."

Alimsikia akivuta pumzi. "Ilikuchukua muda gani?"

Angeweza kudanganya, siku hiyo alikuwa ameshadanganya mara moja. "Nusu saa."

"Nusu saa," alirudia mwanamke, polepole, kama anayesoma namba kwenye kioo. "Ungeniambia ilikuwa kazi ya mwezi mzima, ningekusamehe hapa hapa. Miaka kumi na mmoja nimekutetea kwa watu, wewe na paa lako. Dada akisema, namjibu paa lile ni gumu, hata yeye limemshinda." Akakohoa, na fundi akajua kikohozi kile kinaficha nini. "Na kwa nini hukuja kuniambia? Mwaka wa kwanza, ngazi ikigonga ukuta wa jirani, nilikuwa natoka nje kutazama."

"Nilikuwa nije."

"Lini?"

Jibu walilijua wote wawili, na lilikuwa jina lake. Alitaka kusema kwamba anampenda, na kwamba shati bado liko nyuma ya mlango, lakini aliona aibu kulitaja shati.

"Rudi kushoto," sauti ikasema. "Bado kidogo. Hapo hapo. Usiguse tena."

Akakaza nati, moja moja, mpaka spana ikagoma.

Mzee aliporudi na mtungi begani alikuta picha safi, akafurahi, akataka kufundishwa, kwa kuwa kila kituo watakacholala dishi litahitaji kutafutwa upya. Fundi akampandisha juu, akalivuruga dishi, akamwambia ajaribu. Kwa mara nyingine mkono wa fundi ulikigusa kidude mfukoni. Akimpa mzee hiki, mzee hatamhitaji yule wa ndani, na sauti ile haitamwita mwanamume mwingine juu ya paa maisha yake yote. Alikishika kwa muda, kisha akakiacha palepale.

"Bado," alisema mwanamke ndani.

"Nadhani ni hapa," alisema mzee.

"Mzee, usidhani," alisema fundi. "Msikilize. Akisema bado, ni bado. Akisema umepita, rudi palepale, usimwambie subiri. Na siku ukimsikia amenyamaza, acha kila kitu ushuke ukamtazame."

Mzee alicheka, akadhani ni utani wa mafundi. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamwisha. Aligeuza dishi polepole kushoto, kichwa kimeinama kuelekea tunduni, mpaka akaambiwa hapo hapo. Akashuka ngazi, akaenda kukaa kivulini upande wa pili wa gari, akawaachia nafasi.

Ikabaki kuziba. Fundi alijaza gundi kuuzunguka waya, akailainisha kwa kidole, akafunika kwa kifuniko chake na kukikaza kwa skrubu. Akashuka kuiacha gundi ipigwe na upepo kidogo, akarudi juu na jagi la maji, kama alivyofanya kwa kila mteja. Tundu lilikuwa limezibwa, kwa hiyo sasa ilibidi apaze sauti.

"Namwaga. Weka mkono chini yake."

Akamwaga jagi zima. Maji yalizunguka kifuniko, yakateremka pembeni.

"Vipi huko?"

"Pakavu."

Jagi moja lilitosha, na alijua. Akashuka akajaza la pili, akapanda, akamwaga. "Pakavu," ikajibu sauti, mbali kidogo. Akajaza la tatu. Safari hii mwanamke alitoka nje, akasimama chini ya ngazi, mkono kwenye paji la uso kuzuia jua. Mvi zilikuwa zimeanza. Alimwonyesha kiganja chake kilichofunguka, kikavu.

"Inatosha, fundi," alisema. "Ahsante. Umefanya kazi nzuri."

Alimwita fundi, kama ambavyo mteja yeyote angemwita. Alisimama juu ya paa na jagi lililojaa maji, akasubiri aitwe jina lile jingine. Mwanamke alikuwa ameshaingia ndani.