Mfereji Uliovuta Kiganja

Mama aliweka kiganja chini ya mfereji wa jikoni, na badala ya kumpa maji, mfereji ukakikamata kile kiganja ukakivuta.

"Christabel, njoo uone! Huu mfereji unaninyonya mkono!"

Nikacheka. Siku hiyo ningecheka chochote kwa wasiwasi. Wazazi wa mchumba wangu Gordon walikuwa njiani kutoka Kericho kuja kwetu Silibwet kujitambulisha, na mama yangu hakuwa amebakiza kitu. Sufuria zilisuguliwa hadi zikang'aa. Mfereji wenyewe ulipigwa kitambaa mara mbili. Sisi ndio tuliotangulia kuvuta maji kwenye mteremko huu, na majirani wa chini wakaunganisha mabomba yao kwenye letu. Yeyote aliyepita hapa alielezwa na Mama habari hiyo, awe ameuliza au hakuuliza.

"Stima imepotea," nikamwambia. "Pampu imezima, ndiyo maana maji yamekatika."

"Maji yakikatika yanaacha kuja. Haya yanarudi." Akakunja uso. "Yanarudi wapi?"

Akachungulia dirishani, nami nikachungulia. Kando ya zizi lilisimama pipa ambalo Baba alichanganyia dawa ya kupe, na ndani yake mpira wake wa maji wa kijani, mrefu, uliounganishwa na bomba letu, aliouringia kama kijana aliyenunua pikipiki. Baba alikuwa na ujuzi wake: aliuzamisha mdomo wa mpira hadi chini ya pipa ili maji yaikoroge dawa yenyewe. Asubuhi hiyo aliufungulia, akaenda kuvaa koti la wageni. Dawa ikichanganyika huwa nyeupe kama maziwa. Ukingoni mwa pipa palibaki alama nyeupe, lakini dawa yenyewe ilikuwa imeshuka shibiri nzima, na hakuna ng'ombe aliyekuwa amenyunyiziwa.

Mama alitoka mbio akauchomoa ule mpira. Ulikuwa bado unafyonza.

"Yanashuka kwa Jentrix," akasema. "Amefungua mfereji wake huko chini, anavuta dawa yetu. Mungu wangu, na kale katoto kake!"

Hapo ndipo gari la wageni lilipoingia langoni. Mama Gordon akashuka na kilemba chake kikubwa, mumewe nyuma yake. Baba akaja akifunga vifungo, akaliona pipa, akauona mpira mkononi mwa Mama, akaelewa. Uso ulimshuka.

"Mama Christabel, tafadhali," akanong'ona. "Wageni hawa. Acha nimtume mtu aende polepole. Tusijiaibishe leo."

"Jentrix humwogesha mtoto saa hizi, Baba Christabel. Polepole ya nini?"

Akajifunga leso kiunoni. Mama amechuma chai miaka mingi, na sauti yake imezoea kuvuka mashamba.

"Jentrix! Jentrix wee! Maji ya mfereji yana dawa ya ng'ombe! Msinywe! Msimwogeshe mtoto! Ni sisi tumeyachafua, ni sisi!"

Lile "ni sisi" lilinichoma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale, mbele ya watu waliokuja kuangalia mwana wao anaoa kwa nani. Mama hakungoja kuona nyuso zetu. Alikuwa ameshateremka, anapiga kelele na kukimbia.

Mama Gordon akanigeukia. "Kuna nyumba nyingine huko?"

"Ziko, mama. Upande wa kulia, nyuma ya ile mikaratusi."

Akavua viatu, akaviacha palepale kwenye nyasi. "Basi hizo ni zangu," akasema, akaenda.

Nilipofika kwa Jentrix, karai lilikuwa juu ya kigoda, limejaa maji meupe, na mtoto yuko uchi mapajani mwa mama yake, bado mkavu.

"Nilidhani watu wa maji wametia dawa ya kuyasafisha," Jentrix alikuwa akisema. "Nikafurahi, nikasema leo wametukumbuka."

Mama akainama akanusa, akalimwaga lile karai mbali kwenye shimo la taka. Jentrix alimtazama mtoto wake, akamtazama Mama.

Tulirudi nyumbani. Mama akaketi kwenye kizingiti cha jikoni, hana maji, hana chai.

"Nimekuharibia siku yako, mwanangu."

"Hujaniharibia kitu, Mama." Nilimwonea fahari, nikaketi kando yake.

Uani, Baba alikuwa ameshika panga. Aliuning'iniza mpira juu ya pipa, akapima kwa mkono wake uliokunjuliwa ule mwanya wa kuacha kati ya mdomo wa mpira na ukingo wa pipa. Baba Gordon akamsaidia kuunyoosha.

"Mpira mzuri huu," mgeni akasema kwa masikitiko.

"Ulikuwa mrefu mno," Baba akajibu, akaukata. "Tangu leo hautaingiza mdomo humu tena. Na fundi aje aweke vali, maji yakishapita yasiweze kurudi. Halafu tutayafungulia yote yamwagike mpaka bomba lisafike."

Kisha tukamwona Jentrix akipanda mteremko, mtoto mgongoni. Alikuwa na haki ya kutusema, na angetusema mbele ya wakwe, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipokaribia nikaona amebeba birika kubwa kwa mikono miwili.

"Nina tangi la mvua, Mama Christabel," akasema. "Nikaona mna wageni na hamna maji ya chai."

Mama akasimama. Alilipokea lile birika, akawageukia wakwe, na sauti ikamtoka ileile aliyotumia kuusifia mfereji wake.

"Huyu ni Jentrix," akawaambia. "Ni jirani yetu."

Nikaenda kuwasha moto.