Mkeka wa Kuombea Radhi

Alfajiri mbwa walibweka, Fuatino akachungulia nje na kuona mtu amekaa uani kwake, amejifunika gubigubi mkeka laini wa heshima. Alimtambua kwa kitambi tu. Alikuwa Mulivai, mkuu wa ukoo wa Senio. Senio ndiye yule mwanamume wa miaka arobaini aliyejifanya mwanafunzi kwenye simu, akamtaka mjukuu wa Fuatino, Tausaga wa miaka kumi na mitatu, amtumie picha za utupu. Mtoto hakutuma kitu. Alimpelekea bibi yake simu, bibi akaipeleka polisi, na sasa Senio yuko rumande mjini Apia.

Kwa desturi yao, mkuu wa ukoo hujifunika mkeka kuomba radhi kwa kosa la mtu wake, na mkeka haukataliwi. Ukiukataa, kijiji kitakusema mpaka kaburini, na ukiupokea, ugomvi umekwisha. Hilo ndilo lililomtia hofu Tausaga, aliyesimama nyuma ya nguzo akitafuna kucha.

"Bibi, ukimfunua yule mzee, Senio atarudi?"

"Nenda kachemshe kakao."

Fuatino alikuwa na hasira kweli kweli, akamwacha mzee aloe umande kidogo. Kikombe chake cha kakao kilipoisha ndipo alipotoka, akauvuta mkeka.

"Haya, ingia ndani. Usije ukafia hapa nikashtakiwa na mimi."

Mulivai aliomba radhi kwa maneno mazuri, akala maandazi manne, kisha akakohoa.

"Mungu akubariki, mama. Basi leo tupite polisi, tuwaambie tumeshayamaliza nyumbani."

"Tumemaliza nini?"

"Si umepokea mkeka?"

"Nimeupokea. Chini yake alikuwepo nani?"

"Mimi."

"Basi wewe nimekusamehe, na ukoo wako wote, hata mkeo anayetuharibia kwaya. Senio sikumwona. Halafu kesi ni ya serikali, mzee. Hata ningetaka kuifuta, siwezi. Na sitaki!"

"Atafungwa miaka, mama! Na hakupata hata picha moja!"

"Kumwomba mtoto picha kama hizo ndilo kosa lenyewe. Afisa alinieleza vizuri, nenda na wewe akueleze."

Mulivai akamgeukia Tausaga, aliyekuwa amerudi nyuma ya nguzo yake. "Walioniambia walisema ulikuwa utani. Eti mjukuu wangu, ulikuwa utani?"

Mtoto hasemi mbele ya mkuu wa ukoo. Tausaga alimtazama bibi yake, na bibi akamwashiria aseme.

"Alisema nisipotuma, atatengeneza za uongo awape wenzangu wote darasani. Wiki mbili sikulala, babu."

Mzee aliweka andazi la tano chini. Uso ulimshuka kwa aibu, na Fuatino akamwonea huruma kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kesi inatajwa lini?" mzee aliuliza.

"Jumatatu. Utakuja kumtetea?"

"Nitakuja kukaa na mtoto. Benchi lenu mahakamani, mbele kabisa, Senio anione. Kama mtanipa nafasi."

Fuatino alicheka mpaka machozi. "Nafasi ya kitambi hicho?"

Tausaga alitoka nyuma ya nguzo, akamwongezea mzee kakao.

"Uwahi tu, babu," alisema. "Tutabanana."