Ukungu Kwenye Picha

"Simu yako ni muhimu kwetu," ilisema ile sauti ya mashine, kisha muziki ukaanza upya.

"Ingekuwa muhimu mngeipokea," msusi aliijibu, simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono imo kwenye vyombo vichafu.

Majirani walimbandika jina la Bi Wembe, na wala hawakumsingizia. Tangu baba yake mzazi ahamie kwake, wembe huo ulipata kazi mpya: kuwanyoa bila maji watu wa huduma kwa wateja. Mzee alikuwa fundi saa enzi zake, na sasa starehe yake iliyobaki ilikuwa televisheni. Lakini kila jioni wimbo wake ulikuwa uleule: "Mwanangu, picha ina ukungu." Binti alipiga simu. Aliambiwa azime king'amuzi na kukiwasha, akazima, akawasha. Fundi wa dishi alikuja Bi Wembe akiwa saluni, akamwachia mzee ujumbe kwamba kila kitu kiko sawa. "Mvivu huyo," alisema Bi Wembe. Mwenyewe hakuwa na muda wa kukaa sebuleni. Akitoka saluni ni jikoni, akitoka jikoni ni kitandani.

Hatimaye kijana mmoja alipokea. "Huduma kwa wateja. Nikusaidie nini, mama?"

"Leo sitaki hadithi. Baba yangu, mtu mzima, anakodolea macho ukungu, na wewe umekaa hapo unalipwa kunidanganya. Kwenu hukufunzwa adabu?"

"Pole sana, mama. Kuna maandishi yoyote kwenye skrini? Mawimbi yakikatika, hutokea ujumbe na namba ya kosa."

"Baba, kuna maandishi gani hapo?"

Mzee alikawia. "Yapo," aliitikia kutoka sebuleni. "Wanasema... hakuna mawimbi. Tusubiri."

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama. Ni namba gani?"

Bi Wembe alijifuta mikono kwenye gauni, akaenda kuisoma mwenyewe. Leo angewakamata hawa watu.

Picha ilikuwa safi. Mtangazaji wa habari alivaa koti la kijani, na hata hereni zake ungeweza kuzihesabu mawe. Ujumbe wa kosa haukuwapo. Mzee alikuwa ameketi wima kwa adabu, uso ameuelekeza kando ya televisheni, penye pazia.

Kumbe. Bi Wembe alikumbuka chai iliyomwagika nje ya kikombe wiki iliyopita, na jinsi alivyomwambia, "Baba, umekuwa mtoto?" Akakumbuka saa yake ya mkononi aliyompa aitengeneze, mzee akaipapasa, akairudisha na kusema vipuri vya siku hizi havipatikani. Yeye akacheka, akasema uzee haufichiki. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Watu wote aliowatukana walikuwa wamemwambia kweli, na aliyemdanganya alifanya hivyo kwa kuuogopa ulimi wake.

"Wameshatengeneza?" mzee aliuliza taratibu. "Kama ni kazi kubwa waache tu, mama. Mimi sina haraka. Usiwagombeze sana."

"Mama, bado upo?" kijana naye aliuliza sikioni. "Umeiona namba?"

Bi Wembe aliipa televisheni kisogo.

"Nisamehe," alisema, akimtazama baba yake.

"Usijali, mama," kijana alijibu. "Kuna kingine ninachoweza kukusaidia?"

Aliketi kwenye kochi, bega kwa bega na mzee, simu ikiwa bado wazi mapajani.

"Baba," alisema, "mtangazaji wa leo amevaa koti la kijani."

Kidole gumba cha mzee kilisugua kile cha shahada, kama kilivyozoea kufanya kilipokuwa kikishika skrubu ndogo.

"La kijani," alisema mwishowe. "Na nyuma yake kuna nini?"