Boti Iliyokwama Mbele ya Wakubwa

Mtaani walimwita Bi Pima, kwa kuwa hakukata chuma kabla ya kukipima mara tatu. Karakana yeye na kaka yake waliachiwa na marehemu baba yao. Kaka yake alikaa ofisini akipokea simu. Yeye alishinda kwenye mashine ya kukereza, nywele zimejaa unga wa chuma.

Kwa miaka minne alihangaika na jambo moja. Kila kiangazi boti ya zahanati ilishindwa kupanda mto, maana propela iligonga mchanga na kuvunjika. Bi Pima akawaza boti isiyo na propela nje: pampu iliyofichwa tumboni mwa boti, inyonye maji chini na kuyatema nyuma kwa nguvu. Aliharibu pampu sita. Ya saba ilipitisha boti kwenye maji ya kifundo cha mguu.

Wiki hiyohiyo, akiwa anapiga tupa, alimsikia kaka yake redioni.

"Mtambo huu wa boti nimeubuni mwenyewe, na wakubwa wa serikali watakuja kuujaribu mtoni," kaka alisema. "Nina mdogo wangu wa kike, ananisafishia vyuma."

Bi Pima alifungua droo ya michoro. Tupu.

"Kaka, umechukua kazi yangu."

"Kazi ya karakana," alijibu bila kuinua macho. "Na wewe usimame mbele ya wakubwa useme nini? Utatetemeka tu."

Mama yao alipiga simu jioni. "Ni kaka yako, mwanangu. Meza."

"Nimemeza tangu utotoni, Mama. Tumbo limejaa."

Ndipo akakumbuka: michoro ya droo ilikuwa ya mwaka uliopita. Ile mipya ilikuwa chini ya godoro lake. Katika ile ya zamani hayakuwemo mabamba manne yanayosimama nyuma ya panga linalozunguka ndani ya pampu ili kuyanyoosha maji. Bila mabamba hayo maji hutoka yakizunguka, na nguvu yote huishia kwenye kuzunguka.

Angeweza kumwambia. Alifunga mdomo, na kufunga mdomo kulikuwa kutamu. Kunyamaza kusingeua mtu. Mahali pa majaribio maji hayafiki goti. Akabeba pampu ya saba, akahamia kwa jirani yake mchomeleaji, akaunda boti yake kwa miezi miwili, akiwa na hasira isiyopoa hata akilala.

Siku ya majaribio kaka alivaa suti, akajisimamisha ndani ya boti, mbele kabisa, kama sanamu. Injini ikanguruma. Nyuma maji yalitoka yamejisokota, yakatawanyika pande zote. Boti ikajikokota, ikafika kwenye mchanga, ikakaa.

"Huyu anapanda mto au anachimba kisima?" mtu akauliza ukingoni. Watu wakavunjika mbavu.

Kaka alitafuta kwa macho, akamwona. "Dada! Njoo uangalie hapa!"

Mhandisi wa serikali aligeuka. "Kwani mbunifu si wewe?"

Bi Pima aliingia majini na viatu vyake. Hakutetemeka. "Mhandisi, muulize jambo moja tu. Maji yakitoka kwenye panga yanazunguka. Nini kinayanyoosha?"

Kaka alifuta jasho. "Yana... yananyooka yenyewe."

Mhandisi alifunga faili.

Bi Pima akarudi kwenye boti yake aliyoifunga ukingoni, akaiwasha. Ilipita pale pale penye mchanga, ubavuni mwa boti iliyokwama, karibu sana. Maji yaliyoruka nyuma yalimlowesha kaka kuanzia tai hadi soksi. Akageuza boti papo hapo, akapita tena. Mara ya kwanza watu walidhani ni bahati mbaya.

Serikali iliichukua boti yake iwe ya zahanati. Kiangazi kilichofuata muuguzi alimwambia wamefika hadi kijiji cha mwisho, wakamzalisha mama wa mapacha. Bi Pima alifurahi, kweli alifurahi. Lakini kilichomfanya acheke peke yake jikoni ni ule uso wa kaka yake ukichuruzika maji.

Mama hakumtembelea tena. Hilo lilimuuma, na hakulificha.

Asubuhi moja kaka alibisha hodi kwenye karakana mpya ya Bi Pima. "Dada, nimekuja kuomba msamaha."

"Sina bado," Bi Pima alisema. "Ukitaka kuungoja, benchi liko nje."

Kaka alikaa mpaka adhuhuri. Bi Pima alimsikia akiondoka, akaendelea kukereza.