Nguruwe wa Shemeji

Fundi aliamka asubuhi hiyo akiwa na nia njema na ulimwengu mzima. Alifungua mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi, avitazame viazi vyake vitamu kabla hajaketi kwenye cherehani. Nia njema ile iliishia kizingitini. Shamba la nyuma ya nyumba, lililopakana na msitu, lilikuwa limefukuliwa lote kana kwamba limepitiwa na trekta linaloendeshwa na mlevi. Matuta yamebomoka, majani yamekanyagwa, viazi vimeng'atwa nusu na kuachwa. Kuachwa huko ndiko kulikomchoma zaidi. Mwizi mwenye njaa unaweza kumwelewa. Lakini huyu anayeonja na kutema?

"Nguruwe pori," alisema jirani yake, mwashi, akichungulia juu ya ua. "Hata kwangu wamepita. Tufanyeje, jirani? Ndiyo maisha."

"Siyo maisha," Fundi alimjibu. "Maisha hayana kwato."

Haikuwa mara ya kwanza. Msimu uliopita walimmalizia mahindi. Alizungushia waya, wakapita chini yake. Alining'iniza makopo, wakayazoea. Alisimamisha sanamu akaivika koti ambalo mwashi mwenyewe alilitamani, na nguruwe wakajikunia migongo kwenye mguu wake. Basi siku hiyo maji yalimfika shingoni. Aliliacha gauni la bibi harusi mezani, pini zimesimama mwili mzima, akafunga chumba cha kushonea na kwenda moja kwa moja dukani kwa shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, muuza misumari, rangi na mabati, na mwenyekiti wa chama cha wawindaji. Watu walimwita Meja, ingawa jeshi alilowahi kulitumikia ni ghala la unga alilolinda ujanani. Juu ya kaunta yake, kati ya makufuli na brashi, alikuwa ametundika meno ya nguruwe yaliyopinda, naye alipenda wateja wayaulizie.

"Shemeji, nataka kujifunza kuwinda," Fundi alimwambia.

Meja alicheka mpaka mteja aliyekuwa akichagua bawaba akageuka. "Nguruwe siyo kitambaa, shemeji. Huwezi kumpima kiuno ukamkata. Tuachie sisi. Kila wiki tunawapunguza."

"Mnawapunguza na wao wanaongezeka. Hesabu gani hiyo?"

Kicheko kikakatika. Meja akatabasamu kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze. "Haya. Kapate leseni kwanza. Ukifaulu, karibu chamani."

Alidhani ataishia njiani. Hakumjua shemeji yake. Fundi alikwenda kwa afisa wa wanyamapori, binti mdogo kuliko mwanawe wa kumzaa, mwenye uso mkavu na maneno machache. Somo la kwanza halikuwa na risasi hata moja.

"Kabla ya kupiga, ujue unachokipiga," afisa alisema. "Na kabla ya hapo, ujue kilicho nyuma yake. Risasi haina macho, na haijui kuomba radhi. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe na hakika."

Risasi zilipoanza, bunduki ilimpiga yeye kuliko alivyoipiga shabaha. Alirudi nyumbani bega limevimba, na binti yake, muuguzi, akawa anamkanda huku amebana kicheko.

"Mama, watu wa umri wako wanajiunga na kwaya."

"Kwaya haifukuzi nguruwe."

"Ya kwenu ingefukuza."

Alifaulu. Bunduki ya marehemu mumewe, iliyokuwa imehifadhiwa kituo cha polisi tangu msiba, akakabidhiwa yeye. Chamani alipewa wa kumwelekeza, Dereva, mtu wa malori, mnene, mwenye maneno mengi na moyo laini. Siku ya kwanza Dereva alimnusa tu akashika kichwa.

"Dada, tunakwenda porini au harusini? Hayo mafuta uliyopaka nguruwe ameshayasikia, na sasa hivi anawaaga wanawe. Macho yake ni mabovu, lakini pua yake ni mpelelezi."

Dereva alimfundisha kwa uaminifu, hilo Fundi hakulikana hata baadaye. Alimwonyesha kuchota vumbi na kulidondosha kutoka kwenye vidole ili kujua upepo unakwenda wapi, na kukaa mahali ambapo upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake. Alimwonyesha nyayo za kwato mbili zilizoingia udongoni, matope yaliyopakwa kwenye mashina ya miti baada ya nguruwe kugaagaa dimbwini, mavi mabichi na makavu. Alimwonya asisogelee kamwe jike lenye watoto. Fundi alikuwa mwanafunzi mwepesi. Mtu aliyezoea kuona mshono uliopinda kwa unene wa uzi hashindwi kuona jani lililopinduliwa.

Siku ya msako wa kwanza, Meja mwenyewe alimpeleka mahali pake, jiwe kubwa juu ya bonde. "Hapa ni pa heshima, shemeji. Kaa, usitoke."

Alikaa. Siafu walimpanda, mguu ukafa ganzi, jua likainama. Milio ya bunduki ilisikika ng'ambo ya bonde. Aliporudi kwenye magari aliwakuta wageni wa Meja, watu wa mjini waliomlipa ili wawinde, viatu vipya, wakipiga picha na dume lililolala ubavu. Msako wa pili ikawa vilevile, jiwe lilelile, siafu walewale.

Wa tatu, akiwa ameketi pale pa heshima, Fundi alichota vumbi akaliachia. Likatoka mgongoni kwake, likaelekea moja kwa moja bondeni, kule ambako nguruwe walitakiwa kutokea. Alirudia. Likaenda kulekule.

Jioni alimshika Dereva kando ya lori. "Lile jiwe. Harufu yangu yote inateremka bondeni. Hakuna nguruwe atakayepita mbele yangu hata nikikaa mpaka nizeeke."

Dereva alichezea funguo. "Wewe unawasukuma, dada. Wakikusikia wanakimbilia upande wa wageni."

"Kwa hiyo mimi ni sanamu ya shambani?"

"Siyo sanamu... Ni kama msaidizi."

"Msaidizi huambiwa anachosaidia!" Alihisi masikio yanawaka. Alikuwa amefunga kazi, amebeba bega bovu, amechekwa na nusu ya mtaa, na shemeji yake alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wiki hiyohiyo nguruwe walirudi, safari hii kwa mwashi, wakang'oa mihogo. Fundi alimtaka Dereva waufuate mkondo wa nyayo mpaka kwenye maskani yao. Dereva alikohoa, akasema lori lina hitilafu, akatazama viatu vyake. Basi Fundi akamchukua mwashi na panga lake. Mchana ule walifuata nyayo kutoka kwenye mihogo, wakavuka kijito, wakapanda kwenye miti iliyopakwa matope mabichi. Upepo uliwapiga usoni, na pamoja nao ikaja harufu iliyowashangaza porini: mahindi yaliyochacha.

Walitokea kwenye uwazi. Ardhi yote ilikuwa imefukuliwa. Mapipa yaliyotobolewa matundu yalikuwa yamelala, yakidondosha mahindi kila yanaposukumwa. Maganda ya matunda yalirundikwa kama jalala la soko. Na katikati, ameegesha gari lake, Meja alikuwa akimimina gunia huku akigonga ndoo kwa kijiti, ko-ko-ko, kama mtu anayeita kuku.

Nguruwe wakaja kweli. Jike kubwa lilitangulia, mgongo umepinda, watoto wenye mistari wakilifuata, na nyuma yake majike mengine. Hawakukimbia wala hawakusita. Walimjua.

Fundi alijikuta bunduki iko begani. Jike lilisimama ubavu, karibu, kubwa kama kabati. Mikono yake ilitulia ajabu. Kisha akaona kilichokuwa nyuma ya jike: shati la bluu la shemeji yake, na tumbo lake, na ndoo. Aliondoa kidole na kushusha mtutu. Haikuwa huruma. Wakati ule hakuwa na huruma hata ya kukopesha.

"Shemeji!" akaita.

Nguruwe walitimka, vichaka vikavunjika. Meja aliangusha ndoo.

"Wewe! Unataka kuniua?"

"Ningetaka, usingeniuliza. Unafanya nini hapa?"

"Chambo," Meja alisema, akijikung'uta. "Kila mwindaji anaweka chambo. Bado mgeni, huwezi kuelewa."

"Chambo ni cha siku ya kuwinda. Haya mapipa yameota majani ubavuni! Unawalisha mwaka mzima. Ndiyo maana majike hamyapigi, na mnatangaza mnapunguza. Unawafuga, shemeji. Unawafuga, halafu unawakodisha kwa watu wa viatu vipya."

"Na mihogo yangu ndiyo mboga yao," mwashi alidakia.

Meja alimpuuza mwashi. Alimsogelea Fundi, sauti ikashuka, ikawa ya kifamilia. "Sikiliza. Kaka alipofariki, nani alisimama na wewe? Nani alichimba kaburi? Nitakuletea mbegu, nitakuzungushia ukuta kwa mabati mazuri. Haya mambo yaishie nyumbani."

Neno hilo la kaburi lilimpanda Fundi kichwani kuliko mahindi yote yale. "Usimtoe ndugu yako kaburini akulindie mapipa," alisema. "Nyumbani kwangu mambo hayaishi, ndiyo maana nguruwe wanakuja. Nitayasema yanakostahili kusemwa."

Aliyasema Jumapili, kwenye mkutano wa chama, ambao safari hii mwashi aliujaza wakulima. Hakuwa mzungumzaji wa mikutano. Aliongea haraka, akarudiarudia, akamsahau mwenyekiti na kumwita shemeji mbele za watu. Lakini alieleza yote, na afisa wa wanyamapori, ambaye alikuwa amepelekwa kwenye mapipa siku iliyotangulia, akathibitisha kwa maneno yake machache.

Kilichomshangaza Fundi ni kimya cha wawindaji. Hawakushtuka. Aligeuka polepole kumtafuta Dereva.

"Ulijua?"

Dereva alitikisa kichwa kukubali. "Wengi tulijua, dada. Tulidhani... wageni wanaleta faida, chama kinapata mafuta ya magari..."

"Ulinifundisha upepo," Fundi alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipopasuka kwa mara ya kwanza. "Ukanifundisha nyayo. Ulitegemea nisijue kuzifuata?"

Meja alivuliwa uenyekiti siku hiyo, mapipa yakaondolewa, wageni wakazuiwa. Wakulima walipiga makofi. Mke wa Meja, mteja wake wa miaka yote, alipita mbele ya Fundi bila salamu, na tangu siku hiyo nguo zake anashonesha mtaa mwingine.

Wangekuwa wa hadithini, nguruwe wangeondoka. Hawa walikosa mahindi ya bure, wakashuka mashambani kwa hasira zaidi kuliko zamani. Mwashi mwenyewe alianza kunung'unika kwamba afadhali enzi za Meja. Fundi alipolisikia hilo, alimwendea mpaka kwenye jengo alilokuwa akijenga, akasimama chini ya jukwaa.

"Rudia nisikie."

"Jirani, nilitania..."

"Teremka. Leo jioni utakaa na mimi shambani, tuone kama ni utani."

Walikaa, na jioni za miezi iliyofuata pia, na Dereva akaja bila kuitwa, akakaa mbali kidogo. Fundi hakumfukuza na hakumkaribisha. Alidondosha vumbi lake, akahamia kona ya chini, mgongo kwenye ukuta wa bafu.

Jike kubwa lilitoka msituni jua likiwa bado lipo, peke yake, watoto wake wakiwa wameshakua na kwenda zao. Lilisimama kwenye matuta. Nyuma yake kulikuwa na ukingo wa udongo tu. Fundi alihakikisha mara mbili, kisha akapiga.

Lilianguka palepale. Mwashi alirukaruka akishangilia, majirani wakatoka, wanaokula nyama ile na visu vyao, wasiokula na pongezi zao. Fundi alibaki amekaa. Alikuwa ameingoja furaha, na badala yake hasira ileile ilikuwa imekaa kifuani, nzito. Mnyama huyu alifunzwa na mtu kwamba shamba ni sahani. Aliyemfunza alikuwa dukani kwake, akiuza misumari.

Dereva alisogea, akasimama hatua chache. "Ni risasi safi, dada. Nikuonyeshe namna ya kuchuna?"

Fundi alitamani kumkatalia. Lakini alikuwa hajui kuchuna, na jua lilikuwa linazama.

"Nionyeshe," alisema. "Na safari hii unionyeshe yote."