Mahali Pakavu pa Kabibi

Jioni ya kwanza Kabibi aliporudi, mamake alikuwa uani akichekecha unga. Mvua ya masika ilikuwa imepumzika tangu adhuhuri, moto umeshakubali katikati ya mafiga, na sufuria ya sima imeanza kulia. Kahonzi akasikia nyayo zikichapa tope, akainua macho, akamwona bintiye amesimama penye uwazi wa ua, gauni limemganda mwilini, maji yakimtiririka kutoka utosini mpaka visiginoni.

"Usisogee kwenye unga," Kahonzi akamwambia. "Pitia huku."

Kabibi akapitia huku. Alikuwa amefariki miaka minne nyuma, kwa surua, na kimo chake kilikuwa kilekile alichozikwa nacho. Mamake akafungua leso ya juu, akamfuta kichwa, akamkalisha kwenye kigoda upande usio na moshi. Kisha akarudi kwenye unga, maana maji yalikuwa yanachemka.

"Nalala majini, mama," Kabibi akasema.

"Naona, mwanangu."

Mtoto alikaa akitetemeka mpaka moto ukafifia, na kulipopambazuka alikuwa ameondoka. Penye kigoda palibaki kidimbwi kidogo, kuku wakakinywa.

Maji hayo yalikuwa ya ziwa la bondeni, na ziwa lenyewe halikuwa la zamani. Lilikuwa la Bwana Mwaura, mtu wa bara mwenye maduka ya vipuri vya magari Mombasa, ambaye joto la maduka hayo lilikuwa limemchosha. Bonde la kwa Lewa, huko nyuma ya Tezo, alilinunua kwa Gona, mtoto wa kwanza wa marehemu Lewa, kwa kuwa wapimaji walipopita ni jina la Gona waliloliandika. Menza, mumewe Kahonzi, ni mdogo wake Gona. Yeye alikuwa akikata mkonge huko kando ya barabara kuu, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alipoambiwa bonde limeuzwa, alisema kaka akishasema amesema, akala, akalala. Ndiye huyo Menza, wala hakuna wa kumgeuza.

Bwana Mwaura hakulitaka bonde kwa kulima. Alitaka maji ya kutazama. Watu walimwuliza maji ya kutazama ni maji gani hayo, naye akawaeleza taratibu, kwa sababu alikuwa mtu mpole: ni maji ya kukaa kando yake jioni, na kiti, na soda, watoto waje likizo waogelee, na mashua ndogo iwepo ya kupiga makasia kutoka ng'ambo hii mpaka ile, halafu kurudi. Kurudi ndiko kulikowachekesha watu. Basi akaleta tingatinga, likachimba bonde na kusukuma udongo mwekundu mpaka ukawa ukuta kinywani mwa kijito.

Kabla tingatinga halijaanza, Bwana Mwaura alifanya la haki, na ni lazima asemewe. Alimwita Gona mbele ya watu, akamwuliza, "Mzee, hapa chini kuna makaburi?"

Gona akasema hakuna.

Wala hakusema uongo, kwa hesabu yake. Mtu mzima wa kwao akifa huzikwa, na baadaye akachongewa kigingi cha mti, akavishwa kitambaa, akamwagiwa tembo la mnazi na kuitwa kwa jina. Huyo ndiye mwenye kaburi, na wa kwa Lewa wote walikuwa juu, karibu na nyumba. Mtoto hachongewi. Mtoto hufukiwa, wanawake wakalia, udongo ukajisawazisha, basi. Gona aliulizwa makaburi, akajibu makaburi. Kahonzi alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake, na hao hawakuulizwa kitu. Mvua ikanyesha, maji yakapanda.

Kabibi akawa anakuja kila jioni. Waliopita njiani aliwaamkia shikamoo huku meno yakigongana, nao wakamwitikia marahaba, wakamwambia mamake amtafutie kitu kizito cha kumvika. Kahonzi alimvika alichokuwa nacho. Kesho yake kilirudi kimelowa.

Siku moja akamshika mkono, wakaenda kwa Gona. Walimkuta barazani, chini ya paa lake jipya la mabati. Akamtazama mtoto, kisha akaitazama sakafu yake ya saruji ikilowa.

"Niliulizwa makaburi," akasema.

"Na huyu, shemeji, alikuwa wapi?"

"Huyu ni mtoto, Kahonzi. Mtoto ni mtoto." Akaingia ndani, akatoka na gunia la sukari, safi, lisilo na tundu, akamfunika Kabibi mabegani. "Nenda kwa mwenye maji. Mimi maji si yangu."

Alilolitaka Kahonzi halikuwa kubwa. Watu wa kule wakihama na marehemu wao, huchukua gao, konzi moja tu, la udongo wa kichwani mwa kaburi, wakaufunga kitambaani, wakaubeba bila kusema na mtu njiani, wakaufukia upya nyumbani huku wakimwita mwenyewe kwa jina. Akisikia, anafuata. Halikuwa limefanywa kwa mtoto hata siku moja, lakini Kahonzi alikuwa ameshachagua mahali, nyuma ya ghala, mahali pakavu ambapo hata masika hapatuami maji. Ila udongo ulikuwa chini ya ziwa.

Bwana Mwaura aliwapokea vizuri. Mkewe, Idah, akatoa chai ya maziwa na mkate. Kahonzi hakugusa mkate. Akaeleza shida yake, akamwomba afungue maji siku moja tu, yatoke, achukue gao lake, kisha aufunge ukuta wake kama ulivyokuwa.

Bwana Mwaura akamwangalia mtoto, akavua kofia.

"Mama, mimi niliuliza," akasema. "Watu wote walisikia."

"Uliuliza. Sikatai."

"Sasa ona. Juzi nimetia vifaranga vya samaki. Nikifungua, wote wameenda. Na Agosti wageni wangu wanakuja na watoto." Akafikiri kweli, wala hakuwa anamzungusha. "Ngoja kiangazi. Maji yatashuka yenyewe, utateremka hapo na miguu yako uchukue mchanga wako. Nakuahidi mbele ya mama watoto."

Idah akaitikia kwa kichwa.

Wakati wakisemezana hivyo, watoto wa Bwana Mwaura walikuwa majini. Wakamwona Kabibi kando ya ukuta na gunia lake, wakamwita aingie. Kabibi akamtazama mamake, akalivua gunia, akalikunja vizuri, akaingia. Hakuwahi kufundishwa kuogelea. Kwao maji yalikuwa ya kubeba kichwani. Akapiga mikono, akazama, akaibuka upande wa pili wa mashua, akacheka. Kahonzi alikuwa amekisahau kicheko hicho, na kilipomfikia alikaa chini, palepale kwenye udongo.

Alipougua surua, Kabibi alikuwa analilia maji. Na Kahonzi alijua, kama mamake alivyojua, kama wanawake wote wa kule walivyojua, kwamba mwenye surua haogeshwi wala hapewi maji baridi, isije ikarudi ndani ikamuua. Akawa anamlowesha midomo kwa ncha ya leso, basi. Kata ilikuwa palepale juu ya mtungi. Mtoto aliitazama kata mpaka macho yakaacha kutazama. Baada ya mazishi muuguzi wa zahanati alimwambia, bila ubaya wowote, kwamba angempa tu, tena mengi. Kumbe kwa kiu hiyo Kahonzi alikuwa amemsihi mumewe wamzike bondeni, kando ya kijito, asiwe mbali na maji tena. Hata kabla ya kuambiwa, moyo wake ulikuwa umekwisha kushuku. Tangu hapo hakuna siku iliyopita bila kumuuma. Sasa alimwona mwanawe amezama mpaka shingoni, anayameza, anayatema, anayachezea, naye akafurahi na kuumia kwa pamoja, hata hakujua kipi kilitangulia.

Agosti wageni wakaja. Idah akamnunulia Kabibi nguo nyekundu ya kuogelea, kwa sababu gauni lake, alisema, lilikuwa linamvuta chini. Kuanzia hapo alipokuja nyumbani hakutetemeka. Alinukia sabuni ya wageni. Alikaa ukingoni mwa kigoda kama mtu anayesubiriwa, akamhadithia mamake habari za mashua na za samaki aliyemgusa mguu, na kabla moto haujashika sawasawa alikuwa ameshainuka. Jioni nyingine hakuja. Kahonzi alimngoja na leso mkononi mpaka sima ikapoa.

Vuli haikunyesha. Masika ya mwaka uliofuata nayo ikapita hivi hivi, mawingu yakija na kwenda kama wanaofanya doria. Huo ndio mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada, ambao waliokuwako hawapendi kuuzungumza. Kijito kikafa. Visima vikatoa tope, kisha vikatoa vumbi. Watu wote waliomba mvua, na Kahonzi aliomba pamoja nao, kwa mdomo. Moyoni alikuwa anahesabu kina cha ziwa. Aliona haya sana kwa hilo, ng'ombe wa jirani wakianguka njiani, lakini hakuacha.

Ziwa halikushuka. Bwana Mwaura alikuwa amechimbisha kisima kirefu na kufunga mashine ya kuvuta maji, ikawa inanguruma kutwa, na ziwa limejaa pomoni katikati ya nchi iliyokauka. Akazungusha seng'enge, ili mifugo isiingie. Wanawake waliopita na madumu yao kwenda mbali waliliona likimetameta upande wa pili, wakahamisha dumu kutoka kichwani kwenda mkononi, wakaendelea na safari.

Kahonzi akaenda kumkumbusha.

"Sikukusahau, mama," Bwana Mwaura akasema, na kweli hakuwa amesahau. "Lakini nikiacha yashuke, hapa patakuwa tope na mbu. Itakuwa hasara juu ya hasara. Na huyu mtoto atacheza wapi?" Akaonyesha majini kwa kidole. "Wewe mwenyewe umemwuliza?"

Hakuwa amemwuliza. Haikumjia kwamba mtoto huulizwa. Akateremka mpaka ukingoni, akachuchumaa, akamwita. Kabibi akaja akiogelea kwa mgongo, akasimama maji yakiwa kifuani.

"Kabibi, nataka nikurudishe nyumbani. Nimekutengenezea mahali nyuma ya ghala. Pakavu, pana kivuli. Utalala vizuri, karibu nami."

Kabibi akafikiri.

"Nyumbani kuna maji, mama?"

Aliuliza tu, kama mtoto anavyouliza kuna nini cha kula. Kahonzi alikuwa ameamka alfajiri siku hiyo, akaenda na kurudi jua likiwa utosini, na dumu alilorudi nalo halikujaa. Angeweza kusema yapo. Alimwangalia mwanawe usoni, akaona hawezi kumdanganya kwa jambo hilo, si huyu.

"Hakuna," akasema.

"Basi nitakuja siku nyingine," Kabibi akasema kwa adabu. Akageuka, akaogelea kwenda kwenye mashua, ambako watoto walikuwa wanamngoja zamu yake.

Kahonzi alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Idah alimfuata, akachuchumaa naye, ingawa alikuwa amevaa vizuri. Hakumwambia pole, kwa sababu aliona pole haifai. Alimwambia kazi za kufua zinamlemea, hasa wageni wakija, na kama Kahonzi ataweza, aje. Kahonzi akaitika hapo hapo. Hakuuliza mshahara wala saa za kazi.

Hivyo akapata kuingia ndani ya seng'enge. Alifua mashuka na mataulo ya wageni, akayaanika, akayakunja, na jioni akasimama ukingoni na mataulo mkononi, akimpa kila atokaye majini lake. Lilikuwamo moja la Kabibi, dogo, la michirizi, ambalo alilifua peke yake. Gona alikuwa akialikwa Jumapili. Alikaa kwenye kiti, akanywa soda, akayatazama maji, na akikutana macho na Kahonzi alimwuliza habari za Menza. Kahonzi alimjibu ni njema.

Mvua zikarudi. Mahindi yakawa meupe tena. Kabibi hakwenda nyumbani siku nyingine, na mamake hakumkumbusha, kwa kuwa sasa alimwona kila siku, na mwenye kumwona mwanawe kila siku ana cha kushukuru. Ndivyo alivyojiambia njiani asubuhi, na alipofika langoni alikuwa karibu ameamini. Kutoka kwa watoto wa wageni Kabibi alichukua michezo yao, kisha nyimbo zao, kisha namna yao ya kusema, ya haraka haraka. Watoto hao walikuwa hawajui jina la Kahonzi. Walimwita mama wa taulo.

Desemba moja, jua likiwa linaelekea kuzama, watoto wakatoka majini wote kwa pamoja wakisukumana, na Kabibi akiwa katikati yao, nguo nyekundu imeanza kumpauka. Akapanda ukingo mbio, akanyoosha mkono bila kuinua macho, maana alikuwa anamwangalia mwenzake aliyekuwa anamchekesha.

"Mama wa taulo, nipe langu."

Kahonzi akampa. Akamwambia afute na masikio.