Ndege Hawakumroga Mtu

Kamusi, jina alilobandikwa ofisini kwa ubishi wake wa maneno, alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Alikuwa akitafsiri hadithi ya watoto, na neno moja la Kiingereza, "enchantment", ambalo ni kutekwa moyo na pia ni kurogwa, lilikuwa limemkaba koo. Mhariri alitaka liwe uchawi kitabu kizima. Kamusi hakuliandika uchawi hata mara moja.

"Unaleta ya kwenu kazini," mhariri alimwambia. "Kesho niletee uchawi, ama kazi nampa mwingine."

Ya kwao ni haya: majirani walimwita mama yake mchawi mpaka akaihama nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Tangu hapo Kamusi aliapa kwamba neno lile halitatoka mkononi mwake. Kama ni kufukuzwa kazi, potelea mbali.

Ila alikuwa na desturi yake: ukurasa hautoki nyumbani kabla mama hajausikia. Alimkuta jikoni akichambua maharage. Akavuta kigoda, akasoma pale binti anapoingia msituni, ndege wakaimba, nyimbo zikamteka moyo hata akasahau njia ya kwao.

"Mhariri anasema huo ni uchawi wa ndege!"

Mama akacheka. "Ndege wamemroga nani, masikini? Si wanaimba tu? Mwambie hapana. Haya, endelea."

Akasoma pale mwanamke wa pangoni anapomgeuza mdogo wa yule binti kuwa jiwe. Kamusi alikuwa amemwandika "mama wa maajabu."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo. "Kiingereza kinasemaje hapo?"

"Neno ni lilelile. Lakini, mama..."

"Amemfanya mtoto wa mwenzake jiwe, nawe unampamba? Huyo ni mchawi. Andika."

"Siwezi, mama. Unajua kwa nini."

"Najua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyehama na godoro kichwani." Mama akaokota kokoto kwenye maharage, akaitupa nje. "Ukimficha aliye mchawi, mwanangu, watu watatafuta mwingine wa kumwita hivyo."

Kamusi alilia, wala hakujificha. Kisha akashika kalamu, akaandika.

Kesho yake mhariri alisoma ya pangoni, akatabasamu. Aliporudi nyuma kwenye ya msituni akakunja uso. "Na huku je?"

"Huku hakuna mchawi," Kamusi alisema, "na sitamsingizia mtu."

Mhariri aliisoma tena ya ndege, halafu akaupitisha ukurasa kama ulivyo.